Yaya, naanza chigongi kila mara na kila mara inanishinda

Yaya, jambo.

Niko mama wa miaka 48, fundi wa nguo, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Nakuandikia juu ya chigongi, ile mazoezi ya polepole ya Wachina, maana nimechoka kujilaumu, na ku nyumba sina mtu wa kuongea naye hii mambo asinicheke.

Kazi yetu unaijua, mashini tangu asubuhi mpaka jua linaingia, shingo imeinama, mguu unakanyaga, na wakati wa harusi ama wa Noeli hata usiku nashona na tochi ya simu kura, umeme, ikikatika. Mabega yalianza kuuma, kiisha usingizi ukapotea, kiisha ku santre wakanipima wakakuta tansio, presha ya damu, iko 15 ku 9, wakanipa vidonge, kila siku kimoja.

Sasa kuna duka moja mu mji ya Wachina, njo kwenye nanunuaka vitambaa na nyuzi. Mwaka uliopita mama mukwe wa mwenye duka alikuja kuwatembelea, bibi muzee nywele nyeupe pe, Kiswahili hajui hata jambo, na mi Kichina sijui. Kila nikifika mapema namukuta ku barza anapandisha mikono juu polepole, anageuka anaangalia nyuma, anashuka, hana haraka na mutu. Siku moja nikawa najikamua shingo nikingoja wanikatie kitambaa, akaniona, akakuja akaniwekea vidole viwili hapa juu ya bega, akabonyeza kidogo tu, kiisha akanishika ku viwiko akanipandishia mikono yeye mwenyewe. Yaya, nilisikia bega inashuka, sikujua hata kama ilikuwa imepanda. Tangu pale kila nikienda kununua ananionyesha kitu kimoja, mpaka nikajua zote nane. Wa duka njo alinielezea ni chigongi, kwao wanaiandika qigong, na hii ya vitendo nane inaitwa Baduanjin. Kiisha bibi akarudia kwao.

Kubakia peke njo shida ikaanza. Mutoto alinitafutia video ya saa nzima. Naamka saa kumi na moja, nafanya yote, mwili unakuwa mwepesi, nalala vizuri, nasema sasa njo nimeshika. Kiisha siku moja maji haitoke ku robine natafuta bido, ama mteja anakuja kugonga anataka robe yake, naruka ile siku. Nikiruka moja najiambia basi nitaanzia Jumatatu, na ile Jumatatu haifikake. Asubuhi yenyewe niko na mbabula, jiko la makala, ya kuwasha, chai, watoto wa kuvalisha, sijui wengine wanapata wapi nafasi.

Tuko na likelemba, kuchangiana pesa kwa zamu, ba mama sita, tunakutana Jumapili kiisha kanisa. Nikawaelezea, nikawaonyesha, wakapenda sana, tukapatana kila asubuhi saa kumi na mbili mu parsele yangu. Mwanzo walikuja wote, kiisha watatu, kiisha mumoja, kiisha mi mwenyewe na watoto wa wapangaji wanacheka. Grupu ya WhatsApp tuliyofungua leo ni picha za maua na maombi na ba video za kuchekesha, chigongi hakuna anayeitaja.

Na kuna jirani wa grupu ya maombi amesema hizo ni roho za kwao naalika mu nyumba yangu. Bwana hakunikataza ila aliniambia zile dakika ningeombea. Halafu mwenzangu mumoja wa likelemba yeye anasema kinyume, eti hii dawa inatosha, niache vidonge.

Nifanye nini ikae? Niko muvivu? Na ni zambi?

Mama wa Katuba

*

Mama wa Katuba, jambo sana, na pole na mabega.

Naanza na vidonge maana hiyo haiwezi kungoja: usiviache. Huyo mwenzako anakupenda lakini hapo amekosea. Kuna tafiti zilizoona kwamba mazoezi ya aina hii yanaweza kusaidia tansio kushuka kidogo, na mi naamini hivo, lakini ni pamoja na dawa, si mahali pa dawa, na tansio haipigi kelele, unaweza kujisikia vizuri kabisa huku inapanda. Endelea na kidonge chako kila siku, rudi ku santre wakupime, na uwaambie unafanya haya mazoezi. Kama miezi ikipita tansio imetulia, ni wao watakaosema tupunguze, si wewe, si mwenzako, si mimi.

Na ukiwa na tansio kuna vitu viwili vya kuangalia ndani ya Baduanjin yenyewe. Kile kitendo cha kuinama mikono ikashuka mpaka ku miguu, usishuke chini kabisa, ishia ku magoti, kichwa kisining'inie, na kupanda panda polepole. Na usizuie pumzi popote, hasa pale pa kukunja ngumi na kukaza macho, wengi wanakaza ngumi na kumbe wamekaza na pumzi. Kizunguzungu kikija, kaa chini, siku hiyo imeisha. Na pale unaposimama kama umepanda farasi huna haja ya kushuka sana, magoti yako tayari yanatumikia mashini mchana wote.

Haya, sasa uvivu. Mama, mtu anayeshona na tochi ya simu usiku si mvivu, sitaki kulisikia tena hilo. Shida yako ni kipimo. Umechukua video ya saa nzima ukaiweka mu asubuhi isiyokuwa na saa nzima, na asubuhi ikaikataa. Baduanjin vile inavyofundishwa leo China, ile iliyopangwa na wakuu wao wa michezo mwanzoni mwa miaka ya 2000, inamalizika kwa dakika 12 hivi. Kila kitendo unarudia mara sita, ama tatu upande huu tatu upande ule, na kile cha mwisho cha kuinua visigino unafanya mara saba. Basi, hakuna saa. Ile video ya mtoto lazima imejaa maelezo na kupasha mwili na kukaa, ni nzuri ya Jumamosi ukiwa na nafasi.

Na hata hizo dakika 12 kuna siku hutazipata, ninajua, siku ya bido. Siku hiyo fanya cha kwanza na cha mwisho tu, kupandisha mikono juu na kushusha visigino, hiyo ni dakika mbili tatu. Usiite nusu. Umefanya, imehesabika.

Hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu njo pale unapoangukia kila mara. Haikuangushi ile siku uliyoruka, kinachokuangusha ni Jumatatu. Mwaka 2010 mtafiti anaitwa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London walitoa kazi yao, walifuatilia watu 96, kila mtu akachagua kitu kimoja kidogo cha kufanya kila siku, mwingine kunywa maji, mwingine kula tunda, mwingine kukimbia kidogo, wakaangalia inachukua mda gani mpaka mtu anafanya bila kujisukuma. Katikati yao ilikuwa siku 66, lakini walitofautiana sana, kuna wa siku 18 na kuna waliokadiriwa mpaka siku 254. Na waliona kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana, mtu akirudia kesho yake anaendelea pale pale alipokuwa. Sasa wewe unaruka Jumanne, unajihukumu, unangoja Jumatatu, hiyo si siku moja tena, ni wiki nzima umejinyima, na kila Jumatatu unajiona unaanza sifuri wakati hukuwa sifuri. Ukiruka Jumanne, Jumatano unaendelea, bila sherehe, bila kujiahidi makubwa.

Nafasi utaipata wapi? Umeniandikia mwenyewe: mbabula. Ukishaweka makala na moto ukashika chini, kuna ule mda unasimama tu unangoja makala yawake vizuri ndo uweke sufuria, si kweli? Unapepea kidogo, unaangalia, unapepea. Hizo ni dakika zako. Mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Peter Gollwitzer, amefanya kazi nyingi juu ya hili, kwamba mtu anayesema "nitafanya mazoezi zaidi" anashindwa kirahisi kuliko yule anayesema "nikishamaliza kile, hapo hapo nafanya hiki". Kwa hiyo wewe usiseme saa kumi na moja, saa inaweza kupita, kuna siku utalala zaidi, sema nikishapepea mbabula mara ya kwanza napandisha mikono. Ila mbabula ikae nje, wewe usimame mbali nayo, upande ule upepo unakotoka, moshi wa makala usiuvute na zile pumzi ndefu. Na mwezi wa sita na wa saba hii baridi yetu ikifika jifunike kikwembe ku mabega, vile vya mwanzo fanya polepole zaidi, au fanyia ndani kati ya kitanda na mashini, nafasi ya kutandika mkeka inatosha. Watoto wa wapangaji wanaocheka, waite. Mtoto anacheka kitu asichokifanya, ukimpa kile cha kuvuta upinde atasimama hapo mpaka mwisho.

Sasa tuje ku kikundi, na hapa ndo moyo wangu ulipo, maana nadhani peke yako utaendelea kuanguka hata na dakika 12, na hiyo si aibu. Hata huko inakotoka watu wengi wanafanya pamoja, asubuhi bustani za miji ya China zimejaa wazee waliosimama mistari. Kulikuwa na mama mmoja wa Beijing, mchoraji, jina lake Guo Lin, aliugua kansa ya kizazi, akajitengenezea aina yake ya chigongi ya kutembea, na miaka ya 1970 akaanza kuwafundisha wagonjwa wengine hadharani ndani ya bustani za mji. Sikupi habari yake ili uamini chigongi inaponya kansa, hapana. Nakupa ili uone kwamba watu waliokuwa wanaumwa kweli, wenye kila sababu ya kujikaza, nao walikuwa wanakwenda pale penye wenzao.

Kwa nini wenzako wa likelemba walipotea? Si kwamba hawapendi. Uliwaita kila asubuhi, wote, kwako. Mama anayekaa mbali atoke kwake giza, aache watoto hawajavaa, avuke barabara, halafu arudi akawashe moto, hakuna anayeweza kwa mda mrefu. Na wewe ndo ulikuwa unaongoza kila siku, kwa hiyo mmoja akikosa hakuna kinachoharibika, wanajua Mama yupo, itafanyika tu. Angalia likelemba yenyewe inavyotembea: kwa nini hakuna anayeruka mchango? Kwa sababu kila mara kuna mtu fulani, ana jina, ana uso, ambaye zamu yake imefika na anangoja, na kesho kutwa ni wewe utakayengoja. Chigongi yenu haikuwa na zamu, ndo maana.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningepanga hivi. Pamoja mnakutana mara moja tu kwa wiki, hiyo hiyo Jumapili, kabla ya kuhesabu pesa, kwa sababu hapo wote wanakuja hata mvua inyeshe. Kila Jumapili anaongoza mwingine. Anayeongoza hata kama anasahau cha tano na cha sita, aongoze, wengine watamkumbusha, na wiki nzima kabla ya zamu yake atakuwa anafanya ku nyumba ili asihangaike mbele ya wenzake. Hii ya zamu ya kuongoza ndo naiamini kuliko zote, mtu anashika kitu akijua kesho anakifundisha.

Siku za katikati kila mtu kwake, lakini wawili wawili. Chagua yule ambaye nyumba yake iko karibu na yako. Ukimaliza unamubipu. Kubipu tu, simu inalia mara moja unakata, hakuna inite, hakuna mega, haijalishi kura ipo au haipo. Yeye akimaliza anakubipu. Saa moja ikifika haujamusikia, ukipita pale kwenda kazini unagonga unasema jambo, umeamkaje? Usimuulize chigongi kwanza. Pengine mtoto ameugua, pengine alilia usiku, na hapo utakuwa umemfaa zaidi ya mazoezi. Akikwambia leo ilinishinda, mwambie sawa, inua visigino mara saba hapa mlangoni mi nikiwa nakuangalia, na umeshaifanya.

Grupu ya WhatsApp iache na maua yake, usigombane na mtu. Kama mnataka, fungueni nyingine ya kuweka video moja tu, ile ya wiki, mmoja wenu anayeongoza mumupige video, ili mjione. Kujiona kunasaidia sana: mabega yaliyopanda hatuyasikii, wewe mwenyewe umeniambia ulijua ulipowekewa vidole. Na ukienda dukani kununua nyuzi muonyeshe huyo wa duka hiyo video, muombe aitume kwa mama mukwe wake. Wazee wanapenda kusahihisha, na akiona unainama vibaya atasema.

Zambi. Hapa sitakudanganya ili ufurahi. Chigongi ni kitu cha zamani sana kwao na imepita mikononi mwa wengi: waganga, watawa wa Kitao, watawa wa Kibudha, wapiganaji. Kuna mafundisho yaliyochanganyika na ibada zao, na mtu akikwambia hakuna hata kidogo hajui. Lakini vilevile imekuwa jambo la afya tangu mwanzo. Mwaka 1973 huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, walichimbua ndani ya kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo wakakuta kitambaa cha hariri kimechorwa watu 44, wanaume na wanawake, wazee na vijana, wamevaa nguo zao za kawaida na wengine vifua wazi, mmoja ananyoosha mikono, mwingine anainama, mwingine amepinda mgongo, na penye wengi pameandikwa jina la zoezi ama ugonjwa wanaoutafutia nafuu. Magoti, masikio, maumivu. Wewe fundi ungekielewa kitambaa kile kuliko mimi, watu wanaumwa mwili wanatafuta namna ya kuusimamisha.

Ile uliyofundishwa na bibi haina jina la mungu unalolitaja, haina sanamu, haina kuita mtu. Unapandisha mikono, unavuta upinde, unaangalia nyuma, unapumua. Wao wanasema kuna nguvu inatembea mwilini, wanaiita chi. Huna ulazima wa kuamini hivo, bega litashuka tu. Ukikutana na mwalimu ama video inayokuomba usujudu au uite kitu ambacho moyo wako unakikataa, iache, imani yako ni yako na hakuna zoezi linalostahili uiuze.

Jirani wa maombi usibishane naye, ukibishana atapata la kusimulia. Mukaribishe aone. Aje asimame barzani aangalie kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mbele ya macho yake, mchana kweupe. Kitu kinachofanywa kwa kujificha ndo kinaleta maneno. Na kwa bwana yako, ana haki ya kutaka maombi, sasa mwambie utamaliza kushusha visigino na kabla ya kuweka sufuria mtaomba pamoja, hizo dakika zako wewe utatoa, na yeye atoe zake. Naona hapo atafurahi, na pengine ndo atakuwa wa kwanza kukuuliza mbona leo hujasimama.

Jumapili hii usiwaambie wote. Wale wengine wameshaona ikianza na ikiisha, wataogopa kuahidi tena. Kaa pembeni na mmoja, yule wa karibu ama yule aliyebaki nawe mpaka mwisho, muulize tu yeye anawasha moto saa ngapi na simu yake inakaa wapi usiku. Mwezi mzima muwe wawili. Zamu za kuongoza zije baadaye, wakishaona mabega yenu.

Yaya